Jozi ya Twyla Benesh

Kama kuna mama aliyewahi kumpulizia filimbi mwanawe wa kumzaa, kwenye fainali ya mpira wa kikapu, mbele ya mji mzima, basi ni Twyla Benesh wa Alder Fork. Refa aliyepangwa siku hiyo alikwama kwenye theluji, na makocha wote wawili wakakubaliana aitwe yeye, maana hakuna aliyemshuku. Mwanawe, Garret, alikuwa na madhambi manne tayari. Akamgusa mtoto wa watu kwenye kiwiko, mguso mdogo tu, refa mwingine angejifanya anapenga kamasi. Twyla akapuliza. Tano, toka nje. Alder Fork wakafungwa kwa pointi moja, na Garret akaketi benchi na taulo kichwani mpaka watu wote walipoondoka.

Mji ulinuna wiki mbili. Kisha ukaanza kujisifu. "Mama yule hanunuliki," walisema kwenye mkahawa wa ghala la nafaka, na hawakukaa sana wakampigia kura ya kwenda Seneti ya jimbo. Naye, maskini, akaenda akiamini kwamba Seneti ni uwanja wa mpira mwingine tu, ila huu una mazulia.

Sasa nisikilizeni, maana bila hili hamtaelewa kilichompata. Seneti ile ina viti arobaini na vitano. Mswada unapita kwa nusu na mmoja ya waliopiga kura, yaani kura ishirini na tatu wote wakiwepo, kama desturi ya watu wenye akili. Lakini, na hii lakini ndiyo iliyotuua, yeyote asiyeupenda mswada ana haki ya kusimama akaongea. Anaongea mpaka miguu iwake moto, akichoka anampokeza mwenzake, na ili kuwanyamazisha zinatakiwa kura thelathini, theluthi mbili ya viti vyote. Si ya waliohudhuria, ya viti vyote. Zikikosekana, mswada umekufa na haurudi mwaka huo. Wenyewe wanaita kutafuna saa. Mwaka mmoja seneta alisoma kitabu cha mapishi cha akina mama wa kanisa lake, toka supu mpaka keki, na mswada wa maji safi ya kunywa ukakata roho akiwa bado kwenye achali ya matango.

Januari ile chama cha Twyla kilirudi na viti ishirini na nane. Ishirini na nane! Haijawahi kutokea tangu mabibi zetu wakivaa sketi za kuburuza. Kiongozi wao alikuwa Marisol Trejo, mtoto wa wakata nyama wa kiwandani, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa wembe, na jambo la kwanza alilotaka ni kuing'oa ile theluthi mbili. Kila bunge jipya linapofunguliwa kanuni hupigiwa kura upya, na siku hiyo nusu na mmoja inatosha. Alikuwa na kura ishirini na mbili mkononi. Waliobaki sita walijiita watu wa katikati, na kichwa chao alikuwa Twyla.

"Twyla, mwenzangu," Marisol alimwambia, wamesimama kwenye korido, "watu wametupikia, wametupakulia, wewe unataka tuombe ruhusa ya kula?"

"Leo tuko wengi. Kesho je? Siku tukiwa wachache, kanuni hii ndiyo itakayotulinda."

"Na kanuni yenyewe italindwa na nani?"

Twyla akasema lile alilozoea kulisema. "Kanuni ni kanuni, Marisol. Huwezi kubadilisha kimo cha kikapu katikati ya mchezo."

"Mchezo!" Marisol alicheka bila furaha. "Haya, refa. Puliza."

Akapuliza kweli. Theluthi mbili ikabaki. Magazeti yakamwandika kurasa nzima nzima, mwanamke wa busara, sauti ya katikati, mtu anayesikiliza pande zote. Na mzee Orval Stensrud, mkongwe wa upande wa pili, aliyekuwa ameketi Seneti kabla Garret hajaota meno, akavuka ukumbi mzima na fimbo yake kuja kumshika mkono. "Binti," akasema, "nimewaona wengi humu. Wewe ndiye seneta." Alikuwa anamvisha kilemba cha ukoka, na yeye akakivaa akakinyoosha vizuri kichwani. Mimi simlaumu sana. Nani hapendi kusifiwa na watu wasio wake?

Basi Aprili ukaja mswada wa wodi za uzazi. Hospitali ndogo za mijini kwetu zilikuwa zinafunga wodi za kujifungulia moja baada ya nyingine, kwamba hazilipi, na ya Alder Fork ilikuwa imeshabandika tangazo mlangoni: mwisho wa Juni. Baada ya hapo, mwanamke akishikwa na uchungu aende Kemper, maili sabini na mbili, barabara inayokatwa na reli ya makaa ya mawe. Mswada ulitaka jimbo liwalipe wakunga na daktari wa zamu ili wodi zibaki wazi. Ulikuwa mswada wa Twyla, aliuandika yeye, na sababu yake ilikuwa imekaa jikoni kwake kila Jumapili. Shawna, mke wa Garret, alikuwa mjamzito, wa kujifungua Agosti. Mtoto wao wa kwanza walimpoteza. Walimpoteza wodi ikiwa wazi na mkunga yupo, na mkunga ndiye aliyemwokoa Shawna mwenyewe.

"Mama, usinitanie," Shawna alimwambia Jumapili moja, ameweka mikono juu ya tumbo. "Niambie tu kama utapita au hautapita, nijue. Nikahamie kwa dada yangu Kemper toka Julai."

"Na ng'ombe?" Garret akauliza.

"Ng'ombe wako waje kunizalisha?"

Wakacheka wote watatu. "Utapita," Twyla akasema. "Kaa nyumbani kwako, binti yangu. Nina thelathini." Na alikuwa nazo kweli: ishirini na nane wa chama chake, na wawili wa upande wa pili ambao hospitali za kwao nazo zilikuwa zinachungulia kaburi. Thelathini kamili, bila hata moja ya akiba.

Jumapili hiyohiyo, wageni wameshaondoka, mikono yake imejaa unga wa mikate ya mdalasini, simu ikalia. Mzee Orval.

"Binti, moyo wangu unanisumbua. Jumatano wananifungua kifua, mjini. Nina miaka sabini na minane, sijui kama nitaamka."

"Utaamka, mzee. Usiseme hivyo."

"Nina ombi la mtu mzima. Nataka jozi. Kura za Alhamisi zote."

Jozi ni desturi ya zamani sana ya Seneti ile, toka siku ambazo maseneta walikwama na farasi kwenye theluji. Mwenzako wa upande wa pili akiumwa, au akifiwa, unaweza kumpa neno lako kwamba na wewe hutapiga kura. Yeye angesema hapana, wewe ungesema ndiyo, mnaondoka wote wawili na mizani inabaki palepale. Haiandikwi popote. Ni neno la mdomo, na kwa miaka zaidi ya mia hakuna aliyewahi kulivunja. Twyla aliipenda jozi kuliko kitu chochote katika jengo lile. Alisema ndiyo ushahidi kwamba humo ndani bado kuna watu.

"Umepata, mzee," akasema, hata sekunde hakufikiri. "Nenda katibiwe kwa amani."

"Mungu akubariki," Orval akasema, na sauti yake ilitetemeka. Mpaka leo watu wanabishana kama ilitetemeka kweli.

Mnaona kosa? Yeye hakuliona. Hakuliona Jumapili, wala Jumatatu, wala siku zilizofuata alipokuwa akipita kwenye korido akihesabu watu wake kama mama anayehesabu vifaranga. Alhamisi asubuhi Marisol alimkuta kwenye ngazi na kikombe cha kahawa.

"Thelathini wako ndani," Marisol alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alimtabasamia. "Sikupendi, lakini leo nitakupikia."

"Ishirini na tisa," Twyla akamsahihisha. "Nina jozi na Orval. Lakini si neno, na wao wamepungua mmoja."

Marisol akaiweka kahawa kwenye ukingo wa ngazi.

"Rudia."

"Nimefungana jozi na Orval. Yuko hospitali. Yeye hapana, mimi ndiyo, tunatoka sote—"

"Twyla. Kura ya kufunga mjadala. Tunahitaji thelathini. Wao wanahitaji ngapi?"

Twyla akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sifuri!" Marisol akapiga kelele mpaka walinzi wakageuka. "Hawahitaji hata moja, bibi wewe! Wanaweza kwenda kuvua samaki wote kumi na tano! Orval akiwepo, akikosekana, akifa akafufuka, haibadilishi kitu. Ni sisi tu tunaohitaji watu. Umempa ndiyo yako kwa hapana ambayo haina kazi! Kila kikongwe humu anajua, kwenye kura ya kufunga mjadala hakuna jozi. Hakuna! Kwa nini hukuniuliza?"

Kwa nini hakumwuliza? Kwa sababu tangu Januari hawakuwa wakizungumza ila kwa makaratasi. Kwa sababu jozi zote alizowahi kutoa zilikuwa za kura ya mwisho ya kupitisha mswada, ambako mizani ni mizani. Na kwa sababu yeye ndiye aliyeitetea ile theluthi mbili mbele ya kamera, akasema ni mizani ya haki, na hakuwahi hata siku moja kukaa chini akaona kwamba mizani yenyewe ina sahani moja tu. Akajishikilia kwenye reli ya ngazi.

"Alijua," akasema polepole.

"Alijua! Amekaa humu miaka arobaini, asijue? Nenda kamwambie akufungue. Tunapiga kura saa tisa. Nenda, usisimame hapo unanitazama kama kondoo!"

Hospitali alikolazwa mzee ilikuwa karibu na Seneti, jengo refu la vioo. Lifti ilipofunguka ghorofa ya tatu kabla ya kufika ya nne, Twyla aliona bango la wodi ya uzazi lenye picha ya korongo aliyebeba mtoto, na manesi wawili wanacheka na baba mmoja aliyeshika puto. Milango ikajifunga.

Orval alikuwa ameegemezwa mito, mirija puani, kifua kimefungwa bandeji. Upasuaji ulikuwa wa kweli, hilo lazima tumpe. Mbele yake kulikuwa na bakuli la jeli nyekundu.

"Binti! Umekuja kumwangalia mzee."

"Mzee wangu, nimekuja kuomba unifungue jozi. Nilikosea. Sikuwaza kwamba ni kura ya kufunga mjadala. Mswada wangu unahitaji thelathini, na mimi ndiye wa thelathini."

"Ooo," akasema Orval. Akala kijiko cha jeli. "Ooo, maskini."

"Mkwe wangu anajifungua Agosti. Unamjua Garret, ulimpa zawadi ya shule. Wodi yetu inafungwa Juni. Nakuomba. Wewe hupotezi kitu."

"Mimi sipotezi kitu, ni kweli." Alimtazama kwa macho ya huruma, na hiyo huruma ndiyo ingekuja kumchoma zaidi baadaye. "Lakini watu wangu nao wamenituma, Twyla. Wananiambia mzee, usiwape hela zetu wakunga wa kaunti nyingine. Nikikufungua nimewasaliti. Ila nikwambie kitu. Wewe vunja tu. Nenda kapige kura yako. Sitasema neno, hata kwa mke wangu sitasema. Mimi sikukufunga kamba."

"Kwa hiyo unanifungua?"

"La. Nasema ukivunja, sitasema. Ni vitu viwili." Akamshika mkono kwa vidole baridi. "Lakini wewe huvunji. Nakujua. Ulimtoa mwanao kwenye fainali. Kama si mtu kama wewe, ningeomba jozi kwa nani?"

Akatoka pale. Mnisamehe, mimi nikilifikiria jambo hili damu inanichemka. Mtu anakuchunguza miaka yote aone wema wako umekaa wapi, ili siku ya siku akushikie hapohapo.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Watafuna saa walikuwa wameshamaliza. Wa mwisho alikuwa akisoma majina ya timu za mpira zilizowahi kutwaa ubingwa wa jimbo, na Alder Fork haikuwemo. Karani akaanza kuita majina. Twyla, kwa herufi ya jina lake, alikuwa wa pili. Mbele yake Marisol aligeuka kwenye kiti, akamtazama, na midomo yake ikasema bila sauti: tafadhali.

Twyla alimfikiria Shawna na mikono yake juu ya tumbo. Alifikiria angeweza kusema ndiyo, neno fupi, na jengo lisingeanguka. Kisha akafikiria kesho yake, akipita kwenye korido, wakinong'ona: yule ndiye aliyeivunja jozi ya mgonjwa. Nasema alivyowaza, sipambi. Aliliwaza jina lake.

"Seneta Benesh," karani akaita.

Akasimama. "Nimefungana jozi na Seneta Stensrud, ambaye yuko hospitali. Angekuwepo, angesema hapana. Mimi ningekuwa huru, ningesema ndiyo. Kwa hiyo nanyamaza."

Ishirini na tisa. Mswada ukafa. Na hapo, jamani, upande wa pili wakasimama. Mmoja, wawili, wote kumi na sita, wakaanza kupiga makofi. Wakamgeukia Twyla na kumpigia makofi kwa heshima, wengine machozi yanawalengalenga, na baadhi ya watu wa katikati wa chama chake nao wakainuka. Twyla alisimama mikono imelegea ubavuni. Marisol hakusimama. Alikusanya karatasi zake, akampita bila kumwangalia, akasema, "Umevuna. Kula."

Nyumbani Garret alimngoja kibarazani, kofia mkononi. Hakuwa mtu wa kelele. Tangu ile fainali hakuwahi kumpandishia mama yake sauti.

"Nimekuona kwenye televisheni," akasema. "Wamekupigia makofi."

"Garret, nilikuwa nimetoa neno langu."

"Na kwa Shawna ulitoa nini?"

Akavaa kofia yake, akaingia kwenye pikapu, akaondoka. Jumapili iliyofuata hawakuja, wala iliyofuata hiyo. Mikate ya mdalasini ikakauka juu ya meza.

Shawna alikuwa ahamie Kemper mwishoni mwa Julai, lakini mtoto hakungoja ratiba. Uchungu ulimshika siku ya joto kali, saa sita mchana, mapema mno. Garret akampakia kwenye pikapu akakanyaga mafuta. Walipofika kwenye reli, treni ya makaa ilikuwa imesimama, mabehewa yamenyooka mpaka upeo wa macho huku na huku, na hakuna njia nyingine. Akapiga simu. Wakamwambia gari la wagonjwa liko upande wa pili wa treni hiyohiyo. Kichwa cha mtoto kilitoka, mabega yakakwama, na sauti ya mwanamke kwenye simu ikamwambia afanye hivi, afanye vile, kisha simu ikakatika. Shawna alikuwa anageuka rangi. Garret amewahi kuvuta ndama mamia. Akashika, akavuta.

Mtoto aliishi, Mungu ashukuriwe, na mama yake aliishi. Wakamwita Tessa. Lakini mkono wake wa kulia ulining'inia kama soksi iliyolowa. Daktari wa Kemper alisema mishipa ya begani imenyofoka. Mkunga yeyote anajua namna ya kumgeuza mama na kulilegeza bega bila kuvuta. Tungoje, alisema, pengine mkono utarudi, pengine hautarudi.

Twyla alipofika hospitali Shawna alikuwa amelala. Garret alikuwa amesimama dirishani, na shati lake bado lina damu.

"Usimlaumu mtu," Twyla akaanza kusema, hata hajui anasema nini.

"Mimi ndiye niliyevuta, mama," Garret akasema. "Ni mikono yangu." Hapo akalia kwa sauti, mwanaume mzima, na Twyla hakujua kama ana ruhusa ya kumshika. Hakumshika.

Novemba ukaja uchaguzi. Kiti cha Twyla hakikuwa zamu yake, lakini wenzake walipigwa kama ngoma. "Mlikuwa ishirini na wanane," watu waliwauliza kwenye kila mkutano, "mlifanya nini?" Ungewajibu nini? Kwamba mlizuiwa na kanuni mliyoiacha ninyi wenyewe? Upande wa pili wakarudi ishirini na wanne.

Januari, siku ya kufungua bunge, mzee Orval aliingia na fimbo yake, mashavu mekundu, kifua kipya. Walimfanya mwenyekiti wa kanuni. Akasimama, akasoma pendekezo kwa sauti ile ya upole: kuanzia leo, mjadala utafungwa kwa nusu na mmoja, kwa sababu wananchi wamesema na haifai wachache wawafunge mdomo walio wengi.

Twyla alidhani hakusikia vizuri. Akanyoosha mkono, akasimama. Alikuwa na mengi ya kusema, na aliamini, hata dakika hiyo aliamini, kwamba angalau ana haki ya kuyasema yote.

"Mheshimiwa una dakika tatu," mwenyekiti wa kikao akamwambia. Kwa mjadala wa kanuni za ufunguzi, dakika tatu tu.

Alizungumza juu ya siku ambazo wengi watakuwa wachache. Alizungumza juu ya mizani. Wale waliompigia makofi Aprili walikuwa wakiangalia simu zao. Alipofika kwenye neno wodi, kipaza sauti kikazimwa, na akaendelea kidogo kuchezesha midomo kabla hajatambua.

Ishirini na nne kwa ishirini na moja. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Orval alimfuata kwenye korido. Alitembea vizuri kabisa.

"Usinune, binti. Mjukuu hajambo? Nimesikia habari ya mkono."

"Mzee," Twyla akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, "mwaka jana ulinishika mkono. Ulisema mimi ndiye seneta. Kanuni hii ulisema ni nguzo ya nyumba."

"Ilikuwa nguzo. Sisi tulikuwa chini yake." Aliinamia fimbo, na akashusha sauti kama mtu anayempa mwenzake siri ya biashara. "Nikwambie ukweli? Januari ile tulikuja tumeshapanga la kusema baada ya ninyi kuing'oa. Hotuba zilikuwa tayari, na machozi tayari. Mlikuwa ishirini na wanane! Tulishangaa, Twyla. Tulikaa chumbani tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mtatuachia."

Akampigapiga bega, akaenda zake kula.

Jumamosi ile Garret na Shawna walikuja. Shawna ndiye aliyelazimisha. Alisema mtoto hana kosa, anahitaji bibi. Twyla alipika mchuzi wa maharage na nyama, akaweka mikate ya mdalasini pembeni kama zamani. Walikula bila maneno mengi. Kisha Garret akamlaza Tessa kwenye blanketi juu ya meza, akaanza mazoezi ya mkono kama walivyofundishwa Kemper, kuunyanyua polepole, kuushusha polepole.

"Nimesikia redioni wamebadilisha kile kitu," akasema, macho kwa mtoto. "Ile theluthi mbili."

"Ndiyo."

"Walihitaji kura ngapi kuibadilisha?"

Twyla aliuweka mwiko chini. "Ishirini na tatu."

Garret akaunyanyua ule mkono mdogo, akaushikilia juu kidogo.

"Na ninyi, mwaka jana, mlikuwa wangapi?"

Alikuwa anajua. Kila mtu wa jimbo lile alikuwa anajua. Lakini alingoja, hana haraka, kama mtu aliyekaa benchi miaka mingi na taulo kichwani, na Shawna naye akaacha kula akangoja.

"Ishirini na wanane," Twyla akasema.

Garret akaitikia kwa kichwa. Akauachia mkono wa mtoto, ukadondoka kwenye blanketi, akaushika tena akaanza upya.